Herufi Tatu Kwenye Daraja la Rusizi

Mto Rusizi hauendi mbali na Ziwa Kivu kabla ya kutiwa kazini. Maji yake huzungusha mitambo ya Ruzizi I, kisha ya Ruzizi II, na nyaya hupita juu ya migomba ya sekta ya Mururu, wilaya ya Rusizi, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Ruzizi II ilianza kuzalisha umeme mwaka 1989 chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo. Nchi tatu zinagawana mkondo mmoja, na hakuna anayeuuliza umeme huo kibali chake ni cha nani.

Watu na mali zao huulizwa. Kwenye mpaka wa Rusizi II, humo humo Mururu, anayevuka kwenda Bukavu huonyesha kitambulisho, shehena huonyesha ankara, na lori haliondoki mpaka wakala wa forodha, ambaye pande zote mbili za mto humwita déclarant, amalize karatasi zake. Wakala huyo naye ana karatasi yake: leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo hufa kila tarehe 31 Desemba na kuombwa upya. Lakini kipo kitu kinachoweza kupita daraja hilo asubuhi na kurudi jioni bila kukaguliwa na yeyote. Ni herufi tatu zilizochapwa kwenye kadi ya biashara: CPA, cheo cha mhasibu aliyeidhinishwa.

Herufi hizo ni pesa. Mwenye duka akiziona hukubali ada kubwa zaidi, na benki ikiziona chini ya mizania hulegeza masharti. Ndiyo maana swali la nani aziandike, wapi, na kwa kazi ipi, lina uzito kuliko linavyoonekana, na ndiyo maana jibu lake huvurugwa, mara kwa kutojua, mara kwa makusudi.

Mvurugo wa kwanza umo kwenye neno lenyewe, cheti. Mtaani husemwa fulani "ana CPA", kama mtu aliye na shahada: amepata, basi, yamekwisha. Wenye kazi yao wanajua kuwa hapo kuna mambo matatu. Kufaulu mitihani ni jambo la kwanza. Kuandikishwa kuwa mwanachama wa chombo cha wahasibu, na kubaki mwanachama kwa kulipa ada na kuendelea kujifunza, ni la pili. Kupewa leseni ya kuhudumia umma, yaani kufungua ofisi, kukagua hesabu za watu na kutia sahihi ripoti, ni la tatu. Wapo wengi wenye la kwanza tu. Wapo wengi zaidi wenye la kwanza na la pili bila la tatu: mhasibu mkuu wa shirika anaweza kuwa CPA halali kabisa na asiwe na ruhusa ya kukagua hesabu za duka la jirani yake.

Kenya ndiyo inayoonyesha mgawanyo huo waziwazi, kwa sababu mambo hayo yako kwenye nyumba mbili. Mitihani inasimamiwa na KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969. Uanachama na leseni viko kwa ICPAK, taasisi iliyoundwa mwaka 1978 na ambayo sasa inaongozwa na Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008. Kijana aliyemaliza karatasi ya mwisho ya KASNEB anatoka Nairobi akiwa na furaha na cheti. Bado hana ruhusa ya kujitangaza kwa umma kuwa mhasibu aliyesajiliwa, wala kufungua ofisi ya ukaguzi. Waliofanya mitihani ya ACCA, chombo cha Uingereza kilichoanza mwaka 1904 na chenye wanafunzi wengi Afrika Mashariki, wana hali inayofanana. Aliyefaulu karatasi zote lakini hajatimiza miezi 36 ya kazi kwa vitendo hana haki ya kuandika herufi ACCA nyuma ya jina lake. Pamoja na hayo, barua za maombi ya kazi zimejaa "ACCA" zilizoandikwa miaka miwili kabla ya wakati wake. Huyo hakughushi kitu. Amekula mbivu kabla hazijaiva.

Rwanda iliingia kwenye mambo haya baadaye. Chombo chake, iCPAR, kiliundwa kwa Sheria namba 11/2008 ya tarehe 6 Mei 2008, miaka 30 baada ya ICPAK na miaka 36 baada ya Tanzania kupitisha sheria ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, mwaka 1972. Kabla yake nchi ilikuwa imerithi desturi za Kibelgiji na Kifaransa, ambazo kwazo mhasibu wa daraja la juu aliitwa expert-comptable. Leo iCPAR inatoa ngazi mbili: CPA(R), na chini yake CAT, fundi sanifu wa hesabu. Hiyo ngazi ya chini ina habari yake, nayo itafikiwa.

Kwanza ile herufi ndogo ndani ya mabano. Wengi huipita kama pambo, na wengine huiacha kabisa kwa sababu inaharibu urembo wa kadi. Ndiyo iliyobeba sheria yote. CPA(R) ni mtu aliyesajiliwa Rwanda, CPA(K) Kenya, CPA(T) Tanzania, CPA(U) Uganda. Ondoa mabano, ubaki na herufi tatu zinazoelea hewani, zisizosema ni chombo gani kinaweza kumwita mwenyewe na kumvua. Mteja wa mjini Kamembe, wilayani Rusizi, aliyedhulumiwa na "CPA" mtupu atampeleka kwa nani, Kigali, Nairobi au Dar es Salaam? Anayeacha mabano kwa makusudi anajua anachofanya.

Sasa turudi Mururu, kwa mtu ambaye mjadala huu humfikia mwisho ingawa ndiye anayeulipia. Tuchukulie mama anayeuza vitenge, mafuta ya kula na sabuni karibu na barabara ya mpaka. Ana TIN, analipa patanti, na ana simu. Mauzo yake ya mwaka ni faranga milioni 6. Sheria ya kodi ya mapato ya Rwanda ya mwaka 2022 haimdai mizania wala ukaguzi. Inamdai kiwango kilichopangwa: mwenye mauzo ya kati ya milioni 2 na milioni 4 hulipa faranga 60,000 kwa mwaka, anayefika milioni 7 hulipa 120,000, anayefika milioni 10 hulipa 210,000, anayefika milioni 12 hulipa 300,000. Mama huyu hesabu yake ni 120,000, na anaweza kutoa tamko lake kwa simu ya kitochi kupitia *800# ya Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, RRA. Akivuka milioni 12 hadi milioni 20, atalipa asilimia 3 ya mauzo. Kuzidisha kwa tatu na kugawa kwa mia hakuhitaji mwanachama wa taasisi yoyote duniani.

Hata hivyo huenda akalipia herufi hizo. Kila mwaka tarehe 31 Machi inapokaribia, siku ya mwisho ya tamko la kodi ya mapato, vibanda vya intaneti kote nchini hujaa watu wanaohitaji mtu wa kuwabonyezea. Hilo ni jambo jema: anayejua kompyuta anamsaidia asiyejua, anachukua ujira wake. Tatizo linaanza pale kibao cha mlangoni kinapoacha kusema "tunasaidia kujaza tamko" na kuanza kusema mhasibu, mshauri wa kodi, au CPA. Kazi ni ile ile. Bei imebadilika, na zaidi ya bei, imani imebadilika. Mama aliyekuwa akikagua namba zake mwenyewe kabla ya kubonyeza sasa anakaa kimya, kwa sababu mbele yake kuna mtaalamu. Akikosea yule, faini inakuja kwenye TIN ya mama.

Hapa ndipo uchambuzi mwingi wa suala hili unapopotea. Huhesabu madhara kwa kumtafuta tapeli mwenye cheti bandia, ilhali madhara makubwa kwa watu wadogo hutokana na cheo kilichowekwa juu ya kazi isiyokihitaji. Mganga wa meno anayejitangaza kwa shahada yake ili auze mswaki hajadanganya kuhusu shahada. Ameitumia mahali ambapo haina la kusema.

Juu ya kiwango cha mama wa vitenge mambo hubadilika, na huko herufi zina kazi halisi. Anayefikisha mauzo ya milioni 20 kwa mwaka, au milioni 5 ndani ya robo mwaka, analazimika kujiandikisha TVA, kodi ya ongezeko la thamani ambayo nchini Rwanda hutozwa kwa asilimia 18. Hapo kuna tamko linalotakiwa RRA kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kuna kodi aliyolipa kwenye manunuzi ya kurudishiwa, kuna risiti za EBM, mfumo ulioanza mwaka 2013 kwa mashine na kuhamia kwenye programu, ambao unaionyesha RRA kila mauzo. Mwenye ghala la saruji Kamembe anaweza kupoteza mamilioni kwa kuweka ankara moja mwezi usio wake. Zaidi ya hapo, sheria ya taratibu za kodi inataka walipakodi wanaovuka kiwango cha mauzo kilichowekwa na Kamishna Mkuu walete taarifa za fedha zilizothibitishwa na mtaalamu aliyeidhinishwa. Na kileleni kabisa mwa wilaya hiyo hiyo ya Rusizi, katika bonde la Bugarama, kuna CIMERWA, kiwanda cha saruji kilichoingizwa kwenye Soko la Hisa la Rwanda mwaka 2020 na ambacho hisa zake nyingi zilichukuliwa na kampuni ya Kenya mwanzoni mwa 2024. Hesabu za kampuni ya namna hiyo husomwa na watu wasiowahi kufika Bugarama. Wanachotegemea ni sahihi ya mkaguzi, na nyuma ya sahihi hiyo, chombo kinachoweza kumvua leseni.

Kati ya kilele hicho na kibanda cha intaneti ndimo ulimo ugonjwa mbaya kuliko yote, ambao hauhusu cheti bandia hata kidogo. Ni kukodisha muhuri. Mtu asiye na leseni anaandaa hesabu, pengine vizuri, pengine hovyo. Anampelekea mwenye leseni mjini, huyu anatia sahihi bila kufungua hata faili moja la ankara, ada inagawanywa. Kila karatasi hapo ni halali. Jina ni la kweli, namba ya uanachama ni ya kweli, muhuri haukuchongwa kichochoroni. Kilichokosekana ni kazi ambayo muhuri unadai ilifanyika. Kanuni za maadili za kimataifa za wahasibu, ambazo taasisi za ukanda huu zimezifuata, zinamkataza mhasibu kujihusisha kwa kujua na taarifa ya uongo au ya kupotosha, na zinamkataza pia kukuza sifa, vyeti au uzoefu wake anapojitangaza. Anayekodisha muhuri huvunja la kwanza kila anapotia sahihi. Lakini ni nani atakayemshitaki? Mteja amepata alichotaka. Mwandaaji amelipwa. Benki haitajua mpaka mkopo uote magugu.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mwenye kukodisha muhuri anastahili adhabu kali kuliko mwenye kughushi. Wa pili ameiba herufi zisizo zake. Wa kwanza ameziuza za wenzake wote.

Ukivuka daraja, kitabu kinabadilika. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, na ikaachana na mpango wake wa hesabu wa zamani kwa kushika mfumo wa SYSCOHADA, ambao toleo lake lililorekebishwa lilianza kazi tarehe 1 Januari 2018. Mtajie mhasibu wa Bukavu namba 57, naye atajua mara moja kwamba unazungumzia fedha taslimu za sandukuni. 41 ni wateja, 40 ni wauzaji. Namba hizo zimepangwa na sheria na ni zile zile kuanzia Bukavu hadi Dakar. Mwenzake wa Kigali anafuata viwango vya kimataifa vya IFRS, ambavyo havimpangii namba hata moja. TVA ya upande huu ni 18, ya upande ule ni 16. Chombo cha taaluma upande ule ni ONEC, kilichoundwa kwa sheria ya tarehe 12 Februari 2015, na cheo chake ni expert-comptable. CPA(R) bora kuliko wote Rwanda, akisimama Bukavu na kumwandalia mtu taarifa za fedha, ni mgeni mwenye elimu. Na expert-comptable wa Bukavu akishuka Kamembe ni hivyo hivyo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ililiona hili mapema kwa nchi zake. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma, na mwaka 2011 taasisi za wahasibu za ukanda zilitia saini makubaliano ya kutambuana. Kwa hiyo CPA(K) anayetaka kufanya kazi Kigali ana njia: anapeleka cheti chake iCPAR, anajazia kinachopungua, hasa sheria na kodi za nchi, anaandikishwa. Neno la kuzingatia ni "anaandikishwa". Makubaliano hayo yalifungua mlango, hayakuondoa kitasa. Wapo wanaoyasoma kana kwamba yamefuta mabano, na kuanza kutia sahihi Rwanda kwa uanachama wa Nairobi. Kongo, kwa upande wake, iliingia kwenye Jumuiya mwaka 2022, miaka 11 baada ya makubaliano yale, kwa hiyo wahasibu wake hawakuwepo mezani. Na Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, kodi ikaanza kudaiwa na mamlaka isiyo ya Kinshasa; mfanyabiashara wa huko sasa ana mkanganyo ambao hakuna cheti kinachoutatua.

Mpaka wa herufi si jambo la Afrika peke yake. Huko Marekani, ambako CPA ilizaliwa kwa sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1896, herufi hizo mpaka leo ni mali ya majimbo. Mtanzania aliyehamia Minnesota au Texas na CPA(T) yake hawezi kuandika CPA kwenye mlango wa ofisi hadi jimbo limpe leseni, hata kama amekagua benki kubwa Dar es Salaam kwa miaka 20. Wengi wa Afrika Mashariki walioko huko hupitia mlango mwingine: mtihani wa EA, cheo kinachotolewa na Hazina ya taifa, kinachoruhusu kumwakilisha mlipakodi mbele ya mamlaka ya kodi katika jimbo lolote. Ukoo wa cheo hicho unaanzia mwaka 1884, wakati serikali ilipochoshwa na mawakala wakorofi waliowasilisha madai ya fidia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yakiwemo ya farasi waliopotea.

Nchi hiyo hiyo ilitoa kesi mbili ambazo kila msimamizi wa taaluma Afrika Mashariki angefaidika kuzisoma pamoja. Ya kwanza ni ya Silvia Ibanez, wakili wa Florida aliyekuwa pia na leseni halali ya CPA. Aliandika herufi hizo kwenye tangazo lake la uwakili. Bodi ya uhasibu ya jimbo ikamwadhibu kwa kupotosha umma, ikidai kuwa kwa kujitangaza hivyo huku akifanya uwakili alikuwa anatumia cheo cha bodi bila kufuata kanuni zake. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi: cheo ni cha kweli, leseni ni hai, mteja anaweza kuuliza bodi akitaka, bodi haikuonyesha hata mtu mmoja aliyepotoshwa. Ya pili ni ya Sabina Loving wa Chicago na wenzake, waandaaji wadogo wa matamko ya kodi wasio na cheo chochote. Mamlaka ya kodi ilikuwa imeamua kuwalazimisha wafanye mtihani na kusajiliwa. Wakashitaki, na mahakama, mwaka 2013 na tena kwenye rufaa mwaka 2014, zikasema sheria haikuipa mamlaka hiyo nguvu ya kufanya hivyo.

Ukiziweka kesi hizo kando kwa kando, unaona kitu ambacho sheria za ukanda wetu zinakisema kwa kunong'ona. Bodi haina haki ya kukizika cheo cha kweli kwa sababu tu mwenyewe anafanya kazi nyingine. Na asiye na cheo hana sababu ya kufukuzwa kwenye kazi ya kujaza fomu, ilimradi hajajivika cheo. Uingereza imekwenda mbali zaidi: neno "mhasibu" huko liko huru, yeyote anaweza kujiita hivyo kesho asubuhi, kinacholindwa ni cheo kamili cha mwanachama wa chombo chenye hati ya kifalme, desturi iliyoanza Edinburgh mwaka 1854.

Tanzania imejaribu njia ya kati. Mwaka 2019 kiwango cha mauzo ambacho chini yake mlipakodi mmoja mmoja halazimiki kupeleka hesabu zilizokaguliwa kilipandishwa kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100. Hesabu za kampuni ndizo zinazodai sahihi ya CPA mwenye ruhusa ya kuhudumia umma, na mshauri wa kodi husajiliwa na mamlaka ya mapato ya huko, TRA. Wakati huo huo herufi zenyewe zimehama kutoka nyuma ya jina na kukaa mbele, pale walipokaa Dokta na Mhandisi. Mwanasiasa Amos Makalla anatajwa magazetini kama CPA Makalla, akiwa jukwaani kwenye siasa na si mezani kwenye daftari. Uganda na Kenya wana mtindo huo huo. Hakuna kosa la kisheria humo kwa mwanachama aliye hai. Lakini msomaji ana haki ya kujiuliza herufi zinamwambia nini hapo. Nyuma ya sahihi kwenye ripoti ya ukaguzi zinasema mtu huyu anawajibika kwa namba hizi. Mbele ya jina kwenye mkutano wa hadhara zinasema tu kwamba mheshimiwa amesoma.

Na kusoma, kwa hakika, kulikwishachunguzwa. Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na neno "vyeti feki" likaingia kwenye kila kijiwe. Uhakiki ule ulikuwa mkubwa, ila ulikagua vyeti vya shule na ualimu, karatasi ambazo zikishakuwa za kweli hubaki za kweli hadi kaburini. Cheo cha taaluma hakiko hivyo. Kinaweza kuwa halali Januari na kufa Julai kwa ada isiyolipwa, kwa masomo yaliyorukwa, au kwa adhabu. Anayekihakiki mara moja siku ya kuajiri, akakifungia kwenye kabati, amehakiki picha ya zamani.

India ilipata jibu la kitaalamu. Watu wasio wahasibu walikuwa wakitia sahihi kwa majina ya wahasibu halisi, na mwaka 2019 taasisi ya wahasibu ya huko ikalazimisha kila hati inayosainiwa iwe na namba ya pekee yenye tarakimu 18, inayotolewa kwa mwanachama aliye hai tu. Benki, ofisi ya kodi au mteja anaiingiza namba hiyo mtandaoni na kuona nani aliitoa, lini, kwa hati gani. Namba haiwezi kumzuia mwenye kukodisha muhuri, lakini inamwachia alama: anayetoa namba 900 kwa mwezi kutoka ofisi yenye kiti kimoja anajitangaza mwenyewe.

Hilo linaturudisha kwa CAT, fundi wa hesabu. Kila nchi ya ukanda huu ina hamu ya kuhesabu CPA zake. Mafundi hawatajwi sana, ingawa kazi ya Mururu ni ya kwao. Kuandika mauzo ya siku, kupanga ankara za EBM, kujaza TVA ya duka, kuandaa mishahara ya watu wanne na michango yao ya pensheni: hiyo ni kazi ya fundi, na fundi mzuri huifanya vizuri kuliko mkaguzi aliyezoea vitabu vya benki. Kijana wa kibanda cha intaneti anayejiita CPA leo mara nyingi hakusukumwa na tamaa peke yake. Hakupewa jina jingine lenye heshima. Angekuwa na ngazi yake, ya mitihani michache, ada ndogo na orodha yenye jina lake, angekuwa na kitu cha kupoteza akidanganya, na mama wa vitenge angekuwa na mahali pa kumshitaki.

Orodha za wanachama zipo. Taasisi huzitoa kila mwaka, zikiwa zimepangwa vizuri kwa majina na namba, na mwenye kompyuta na Kiingereza huzipata bila shida. Mfanyabiashara wa Mururu ana simu ya kitochi, Kinyarwanda, na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi yake. RRA tayari imemfikia kwenye simu hiyo ilipotaka tamko lake. Basi iCPAR na RRA wakae pamoja, waongeze mstari mmoja kwenye ile ile *800#: andika namba ya mtu anayejiita mhasibu wako, upate jina lake, ngazi yake, na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai.